Chaki, Mbio na Mkwe wa Bodo

Ijumaa, 1 Mei 1964

Vijana wamechelewa tena. Mimi niko kibarazani pa duka tangu kumaliza sala ya alfajiri, saa yangu ya kengele imo kikapuni, nimeifunika na leso isilowe. Manyunyu. Wamekuja watano kati ya tisa. Wanne waliobaki wanaogopa tope, na tope lenyewe hata majina yao halijui. Nimeandika hivyo hivyo kwenye ubao wa duka. Waliokuja kununua sukari wamecheka mpaka wakasahau sukari. Kesho watakuja wote tisa. Nawajua.

Mbio ni siku ya Madaraka, kutoka daraja la Ramisi mpaka uwanja wa Msambweni. Wa kwanza atapewa baiskeli mpya. Umebaki mwezi mmoja. Mimi sikimbii, magoti yangu yalistaafu pamoja nami kule kiwandani nilikokuwa napiga kengele ya zamu. Kazi yangu sasa ni saa, chaki na mdomo. Darasa nilisoma tatu tu. Zinatosha kumchoma mtu.

Jumamosi, 2 Mei

Wote tisa. Si nilisema?

Hamisi wa Bodo mbele, kama kawaida. Kibarua wa miwa. Amepanga kwa shangazi yake hapa kwetu, na kila siku huenda Ramisi kazini kwa miguu, ndiyo maana mbio anazo na ndiyo maana baiskeli anaitaka. Akipita kwangu hasimami, hupiga kelele tu:

"Babu, bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie, wewe ndiye mwenye mbio!"

Kila asubuhi maneno hayo hayo. Babu yake na mimi tulitiwa jando siku moja, kwa hivyo huyu ni mjukuu wangu na ni mtani wangu. Namwambia lolote, naye ananiambia lolote. Asiponitukana naona kama hakujapambazuka.

Jambo moja nimeliona. Barabara nzima ina miiba mlango mmoja tu, mlango wa dada yangu Mwanamisi. Hamisi akifika hapo lazima asimame atoe mwiba mguuni. Na Mwanasiti, kitinda mimba wa dada, lazima awe anafagia saa hiyo hiyo. Uwanja wao ndio msafi kuliko wote Msambweni.

Jumapili, 3 Mei

Mwanamisi amekuja na amri. Jumanne kuna watu wa Bodo wanakuja. Nivae kanzu, nioge, nifunge mdomo. Hakusema nani wala kwa nini. Kwetu posa haitajwi jina mpaka wazee wakae mkekani. Baba yake Mwanasiti ni marehemu, na hata angekuwa hai, mjomba ndiye mwenye neno. Basi mlango wa kubishwa ni mimi.

Nimemjibu nitaoga. Mengine sikuahidi.

Jumanne, 5 Mei

Siku mbaya. Niiandike kama ilivyokwenda.

Asubuhi Hamisi alikwenda kona ya mikorosho na kurudi kabla umande haujakauka. Sijaona mbio kama zile. Mkono ukaniwasha. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAMISI WA BODO. MIGUU YA PAA, KICHWA CHA KUKU. MWENYE BINTI AMFICHE. HUYU SIKU YA HARUSI ATAPITA MLANGO MBIO AENDE KUSIMAMA JEGO MPAKANI.

Watu walicheka vibaya. Hamisi mwenyewe alikuwa ameshakwenda kazini. Nikaenda kuoga, nikavaa kanzu, nikakaa kwa dada tangu saa nne. Mahamri yalikuwepo, kahawa ilikuwepo. Hakuja mtu. Kahawa ikapoa. Mwanasiti yuko ndani.

Saa saba akaja Bakari, yule mkimbiaji mrefu anayefanya kazi dukani. Uso umemshuka. Akasema wazee watatu wa Bodo walifika dukani kuulizia nyumba, wakamkuta kila mtu anacheka, wakataka wasomewe ubao. Yeye akawasomea. Hakujua. Mkubwa wao, mjomba wake Hamisi, akakunja leso iliyokuwa na barua ya posa, akairudisha mfukoni. Akasema: "Jawabu tumelipata. Na amelitundika barabarani." Wakarudi walikotoka. Maji hawakunywa.

Mtani anatukanwa. Mkwe hatukanwi. Na mtu aliyeleta posa ni mkwe tangu anapotoka kwao. Mtoto wa miaka saba wa kwetu analijua hilo.

Jumatano, 6 Mei

Hamisi hakuja mazoezini. Shangazi yake anasema amekunja mkeka, amehamia kambi ya vibarua Ramisi.

Mwanasiti ameniletea chai. Ameiweka mbali kidogo na mkono wangu.

Alhamisi, 7 Mei

Kosa ni la Bakari. Nani alimwambia asome kwa sauti?

Kosa ni la dada. Angetaja jina.

Kosa ni la wazee wenyewe. Watu wazima watatu wanashindwa na chaki.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepata akili. Nimefuta ubao wote nikaandika: HAMISI WA BODO NI KIJANA MWEMA, MCHAPA KAZI, MTU WA HESHIMA. Nikajiona nimemaliza.

Mwanamisi akatoka nyumbani akiwa na unga mikononi. Akaufuta ubao kwa leso yake mbele za watu.

"Kaka, wewe ukimsifu mtu nani atakuamini? Watadhani unamkejeli mara ya pili!"

Kweli. Waliokuwapo walikuwa wameshaanza kucheka.

Jumapili, 10 Mei

Wamekuja wanne tu. Bila Hamisi mbele hakuna wa kumkimbiza, wanatembea kama wanakwenda kuzika. Nimewatukana wote, mmoja mmoja, matusi mazuri. Hayakushika.

Mvua usiku kucha na mchana pia. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Nimetengua saa nikaifunga tena. Skrubu moja imebaki, na saa inakwenda. Hata hilo halikunifurahisha.

Jumatatu, 11 Mei

Nitaandika ukweli, maana daftari hili hasomi mwingine.

Nilijua. Bodo ina vijana wangapi wanaopata mwiba mlangoni kwa dada yangu? Nilijua tangu Jumapili ile ni nani anayekuja. Nilishika chaki, moyo ukaniambia weka chini, leo si siku yake. Lakini lile neno la Jego lilikuwa limekuja tamu. Nikasema niliandike kabla hajawa mkwe, maana baada ya hapo sitaweza tena. Mzaha wa mwisho. Nilitaka uwe mkubwa.

Basi. Ndiyo hivyo. Si Bakari.

Jumatano, 13 Mei

Nimemtuma Bakari Ramisi. Amwambie Hamisi arudi mazoezini, mambo ya wazee yaachwe kwa wazee. Bakari amerudi jioni amelowa chapachapa.

"Amesemaje?"

"Amesema yeye Msambweni hana babu."

Nikamwambia Bakari aende zake akabadilishe nguo.

Ijumaa, 15 Mei

Nimegombana na jogoo. Alianza yeye.

Siku kumi na saba mpaka Madaraka. Mwanasiti uwanja haufagii.

Jumapili, 17 Mei

Jana nilikwenda Bodo. Leo siwezi kuinuka, naandika nimelala.

Nilitoka baada ya alfajiri, kanzu nimeikunja mkobani, miguu mitupu. Njia ya mbio yenyewe, kinyume chake, kisha mbele zaidi. Miezi mingapi nawacheka vijana kwa kuchelewa njia hii? Ni mbali. Ile kona ya mikorosho ina kilima ambacho sikukijua. Tope la hapo linashika mguu kama linakudai jambo. Nilipumzika mara sita. Nilifika adhuhuri, nikaswali nao, nikabadilisha nguo, nikaenda kwa mjomba wake Hamisi.

Alikuwa barazani anasuka dema la kutegea samaki. Alinijibu salamu, akanionyesha mkeka, akaendelea na dema lake. Hakuniuliza kilichonileta. Nami sikuweza kuanza mpaka niulizwe. Nikakaa. Akamaliza upande mmoja wa dema, akaanza wa pili.

Akaja mbuzi. Dume, ndevu kama za kadhi. Akasimama nyuma yangu akaanza kula kofia yangu. Kichwani! Nasikia meno yake. Maneno kumi yalinijia kwa wakati mmoja, kila moja zuri kuliko lenzake. Kwamba Bodo wanapokea wageni kuanzia juu. Kwamba huyu ndiye mshenga wenu au ni mzee wa pili? Nikauma ulimi. Mzee wa watu mkono umesimama juu ya dema, ananitazama usoni. Hamfukuzi mbuzi. Nikaelewa. Anangoja nicheke.

Sikucheka. Machozi yalinitoka, lakini sikucheka.

Mbuzi alipofika nusu ya kofia, mzee akamrushia kijiti, mbuzi akaenda zake. Ndipo akasema:

"Haya, bwana. Nakusikiliza."

Nikasema. Kwamba nilijua mnakuja nikaandika. Kwamba ubao haukuwa jawabu, ulikuwa ujinga wa mtu mzima. Kwamba mlango uko wazi na mimi mwenyewe nimekuja kuufungua, kwa miguu. Bila pambo. Sikumbuki siku niliyosema maneno mengi hivyo bila mtu kucheka.

Akaliweka dema chini, akasema watakuja, kwa sharti moja. Tangu siku hiyo Hamisi si mtani wangu. Si ubaoni, si barabarani, si kwa ishara. Nikasema ndiyo. Akamwita mkewe alete maji.

Kofia niliiacha. Mbuzi alikuwa ameizoea.

Jumanne, 19 Mei

Wamekuja. Leso ile ile, barua ile ile. Nimeipokea kwa mikono miwili, nikajibu kama ilivyo ada. Mwanamisi alikuwa nyuma ya pazia ananisikiliza kama askari. Kahawa imenywewa ya moto. Ndoa baada ya mavuno, inshallah.

Mahamri nimekula saba.

Jumatano, 20 Mei

Hamisi amerudi kwa shangazi yake na amerudi mazoezini. Nilisikia miguu yake kabla sijamwona, hiyo miguu naijua. Nikajiweka sawa kibarazani.

Hakupita mbele yangu. Alizunguka nyuma ya duka, penye majani marefu, akatokea upande wa pili. Ni adabu. Mkwe hukwepa. Hakukosea kitu.

Ubaoni nimeandika nyakati zao tu. Mtu mmoja kasoma, kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 27 Mei

Wote tisa wanakuja. Wengine wanane nawatukana kama zamani na wanakimbia vizuri. Kwa Hamisi nashika saa tu. Amepoteza wiki mbili nzima. Anapumua kwa mdomo anaporudi. Zamani hakuwa hivyo. Kuna askari mmoja wa Kwale, wanasema, anafanya mazoezi asubuhi na jioni. Sina amani. Nimekuna goti mpaka limevimba.

Jumatatu, 1 Juni

Madaraka. Bendera, ngoma, wanafunzi wamepangwa mistari, hotuba tatu. Mimi nilipewa kiti karibu na utepe kwa sababu ya saa.

Wametokea kwenye minazi. Askari wa Kwale mbele, Hamisi hatua tano nyuma yake. Uwanja mzima ukalipuka. Kwetu mkimbiaji hatiwi moyo kwa kusifiwa. "Hamisi, konokono we!" "Hamisi, posa imekulemaza!" "Hamisi, mbona unakimbia kama umebeba kabati!" Naye anaongeza mwendo. Hatua nne. Tatu.

Akageuza uso. Katikati ya watu wote wale alinitafuta mimi, akanitazama. Alikuwa anangoja.

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, kwenye meno. Nikainamia saa yangu.

Wa pili. Hatua mbili. Baiskeli imekwenda Kwale na askari.

Ningelisema, angelimpita? Sijui. Zile wiki mbili nazijua ni za nani.

Jumanne, 2 Juni

Mvua imeacha. Nimetoka alfajiri kwa mazoea, ingawa hakuna mazoezi leo.

Hamisi amepita akienda Ramisi, kwa miguu. Hakuzunguka nyuma ya duka. Amekuja mpaka mbele ya kibaraza, amesimama, amevua kofia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Akabaki amesimama kidogo. Nikauona mdomo wake unataka kufanya jambo, na wangu pia. Kila mmoja wetu alitazama pembeni. Kisha akavaa kofia akaenda. Mlangoni kwa dada hakusimama. Mwiba hamna tena.

Nimefuta ubao nikaandika: HAMISI WA BODO, WA PILI. Nikangoja kama lipo la kuongeza. Nikaitia chaki kikapuni pamoja na saa.