Asiambiwe Mpaka Arudi

Wifi yangu Maryam,

Umefariki alfajiri ya leo huko Maskati, na mimi niko jikoni kwangu, huku London, nyuma ya Edgware Road, nimefunga mlango. Sebuleni amekaa kaka yako Salum na mkewe. Walikuja mapema kuniambia, nikalia, wakanipa chai, na sasa wameniachia kazi. Mwanao Rahma hajui. Yuko likizo Uskoti na watoto wake, katika mji ule ule mdogo tuliokwenda wewe na mimi, kwa sababu tangu utotoni ulimjaza masikio kwa ngome yake na ziwa lake. Salum ameshaamua: asiambiwe mpaka arudi. Na kwa kuwa Rahma humpigia shangazi yake kila anapokwama, mimi ndiye niliyepangwa kumdanganya.

"Wewe unaijua kazi hii," kaka yako ameniambia. "Ushawahi kuifanya."

Hakusema kwa ubaya, namjua. Lakini nilitamani nimtupie kikombe.

Picha zinaingia kwenye simu yangu moja baada ya nyingine. Rahma mbele ya ng'ombe wekundu wenye manyoya yaliyofunika macho. Watoto wameingiza vichwa katika tundu la mizinga ya ngome. Mdogo analia, mkubwa anamcheka. Wanakuzika alasiri ya Maskati, ambayo kwa huku ni mchana, na sasa hivi bado ni asubuhi. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Ulishakaa upande ule wa uwongo huu, mimi nimekaa upande huu tu.

Unakumbuka tulivyokwenda? Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Wewe unauguza hospitalini, mimi nashona kiwandani, kaka yangu, marehemu mumeo, anaendesha basi. Kurudi Unguja hakuzungumzwi. Yule mwenzako wa wodini, Mskoti, alituonea huruma kwamba nchi nzima hii tumeona foleni na moshi tu, akatutuma kwa mama yake, mjane aliyekuwa akipangisha vyumba kwa watalii. Kaka akabaki na zamu zake. Sisi tukapanda treni na mizigo kama tunaopeleka bibi harusi: maandazi, samaki wa kukaanga, na chupa ya achari iliyovuja kwenye koti langu jipya. Tuligombea kiti cha dirishani mpaka yule mzee wa mbele yetu akahama.

Siku ya kwanza tulikwenda kuona samaki wanaoruka maporomoko ya maji. Tulisimama kwenye daraja na umati wa watalii, kila samaki akiruka watu wanapiga makofi, na wewe ukasema kwa sauti, "Hivi hakuna hata mmoja anayefikiria kumpika?" Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa daraja. Jioni tulipita nje ya kiwanda cha pombe yao maarufu. Watalii wenzetu wakaingia kuonja, sisi tukabaki kwenye benchi tunakula maandazi, na mlinzi mlangoni anatutazama kwa huzuni kama watoto tuliofungiwa nje.

Asubuhi ya pili mwenye nyumba alitupa uji wenye chumvi. Ukaonja kijiko kimoja, ukamchekea, ukaniambia kwa Kiswahili, "Huyu anatukaribisha au anatufukuza?" Hapo ndipo simu ya ukumbini ilipolia, na mwenye nyumba akaniita mimi.

Ilikuwa sauti ya kaka. "Baba yake Maryam amefariki. Wamepata njia ya kutuletea habari. Wanazika leo alasiri. Usimwambie chochote mpaka mfike nyumbani, watu watakuwepo."

"Treni yetu ni ya kesho."

"Basi kesho. Leo mtembeze. Na hakikisha anakula."

Hukulelewa tofauti na mimi, kwa hiyo huna haja ya kuelezwa. Mfiwa haambiwi njiani. Anaachwa afike, ale, akae penye mikono ya kumshika. Sikuwa na shaka hata chembe. Shaka ilikuwa ya yule mjane wa Kiskoti, aliyeniona nimeegemea ukuta akanitoa habari kabla sijajipanga. Akataka kuingia chumba cha kulia kukupa pole papo hapo. Nilimdaka aproni.

"Lakini ni baba yake," akaninong'oneza. "Ana haki ya kujua."

"Haki yake ni kuambiwa kwao," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kiwandani. Alinitii, ila hakunielewa. Alirudi mezani akakuwekea mayai ambayo hukuyaagiza, akakupapasa mkono, macho yamemjaa maji.

"Ana nini huyu bibi leo?" ukauliza.

"Wazee wa huku ndivyo walivyo. Kula mayai."

Ukala. Nilihesabu hiyo kuwa ushindi.

Kisha nikakutembeza, Maryam, kama nilivyoagizwa. Ngomeni kulikuwa na saa kubwa ya mnara iliyokwama, na wewe, binti wa fundi saa, ukasimama chini yake shingo juu muda wote ambao mwongozaji alikuwa akieleza nani alimchinja nani. "Baba angepanda pale juu na bisibisi yake, wasingemshusha mpaka ilie," ukasema. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba. Hukuona, au niliamini hivyo.

Mbaya zaidi ilikuwa duka la sufu. Uliingia ukaenda moja kwa moja kwenye soksi, ukachagua pea mbili, ukaziinua. Miguu ya baba yako ilikuwa ikishikwa na baridi hata Unguja, ulisema, na yuko mtu anayekwenda Mombasa ambaye angeweza kuzipitisha. "Za buluu au za kahawia?" ukaniuliza. Nikageukia dirisha. Ukaniuliza tena, umekasirika, kwamba nimeanza kukuchoka. Nikasema buluu. Ukanunua za kahawia, kwa kuwa hujawahi kufuata ushauri wangu hata mara moja maishani mwako.

Halafu ikaja boti. Nilijua saa. Alasiri ya Unguja ilikuwa inaingia, na sisi tumekaa kwenye ubao wenye unyevu, katikati ya ziwa jeusi, nahodha anatania watalii kuhusu zimwi lililo chini ya maji. Bata walitufuata. Ulikuwa umeficha mkate wa asubuhi mkobani, ukawa unawamegea, na mmoja alipokudonoa kidole ukacheka kicheko chako kile cha kupoteza pumzi. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ubao kwa mikono miwili. "Mtoto wa kisiwa unaogopa maji ya kunywa!" ukanicheka. Niliogopa, ndiyo. Niliogopa mdomo wangu.

Kesho yake tulifika London. Uliona viatu vimejaa nje ya mlango wa nyumba yetu, vya wanaume na vya wanawake, na ukasimama kwenye ngazi na begi mkononi. Hukupiga kelele. Uliniuliza mimi, si kaka yangu aliyekuja kukupokea.

"Nani?"

"Baba."

"Lini?"

"Jana, alasiri."

Nilikuona unapiga hesabu ya saa za huku na za kule. "Nilikuwa kwenye boti," ukasema. "Nilikuwa nalisha bata." Ukaingia ndani, na kwa miezi mingi baada ya hapo ulinisemesha kwa haja tu: pitisha sukari, funga dirisha.

Miaka ikapita, Rahma ameshazaliwa, tunachambua mchele hapa hapa jikoni, ukalisema bila kuniangalia. "Ulinitunza, Zuwena, najua. Nilikula, nikacheka, nikalala vizuri. Lakini mzazi ana saa moja tu ya kuwekwa mchangani, na mimi sikumwombea saa yake." Sikukuomba radhi. Nilikujibu kwamba ungezimia mbele ya wageni, na ungezimia kweli, na tukaendelea kuchambua mchele. Hata leo sijui kama nilikosea. Ninachojua ni kwamba uliumia, na uliumia kwa mkono wangu.

Simu imelia.

Alikuwa Rahma. "Shangazi, Mama hapokei! Nataka kumwonyesha ile saa ya ngome kwa video. It's working now, wameitengeneza. Nimpigie Seif?"

Seif, kaka yake, yuko nawe Maskati, anawasimamia wanawake wanaokuosha maji ya mwisho. "Usimpigie Seif," nikasema. "Mama amelala."

"Saa hizi?"

"Amelala, mwanangu."

"Okay. Sisi tunaenda kupanda boti. Nitampigia tukishuka."

Nimefungua mlango, nimekwenda sebuleni, nimemwambia Salum siwezi. Ameinuka. Ana mvi tupu siku hizi kaka yako, na leo amezeeka tena.

"Hebu fikiri, Zuwena. Yuko peke yake na watoto, gari ya kukodi, barabara za milimani. Ukimwambia akenda kutumbukia korongoni, utasema nini?"

"Na akishuka kwenye boti akakuta mama yake keshafukiwa, wewe utamwambia nini?"

"Tutamwambia sote hapa, kwa utaratibu. Ndivyo tulivyofanyiwa na wazee wetu."

"Mie sikufanyiwa, Salum. Mie nilifanya. Dada yako ndiye aliyefanyiwa, na kakwambia wewe alivyoona? Mie kaniambia."

Mkewe, ambaye asubuhi nzima hajafungua mdomo, akasema polepole, "Akiwa kwenye foleni ya boti, hayuko kwenye usukani." Salum akamtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akakaa chini na kufunika uso. Hiyo si ruhusa. Lakini hakunizuia.

Nimerudi kwenye karatasi. Nakueleza kama ilivyokuwa.

Nilimpigia. Akapokea kwa kicheko, upepo unavuma kwenye simu. "Vipi, ameamka?"

"Rahma, mmeshaingia botini?"

"Bado, tuko kwenye foleni."

"Gari iko wapi?"

"Kule juu kwenye maegesho. Kwani vipi, Shangazi?"

"Toka kwenye foleni. Shika watoto, kaeni chini popote."

Nilisikia anawaita watoto, nikasikia mkubwa analalamika kwa Kiingereza kwamba watapoteza nafasi. Halafu sauti yake ikarudi, ndogo kabisa. "Sema."

"Mama yako amefariki, mwanangu. Alfajiri. Alisali, akalala, hakuamka. Nilikudanganya sasa hivi, na sikudanganyi tena."

Alilia, Maryam. Alilia mbele ya watu wote wale, na mimi niko mbali, sina mkono wa kumshika. Nilisikia mwanamke mgeni anamuuliza kama yuko salama, na watoto wanauliza, "Mummy, what is it?" Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu siku ile, na limetokea, na sikulizuia. Nilibaki kwenye simu. Sikumwambia anyamaze, sikumwambia ashukuru, sikumwambia lolote.

Baadaye akavuta pumzi. "Wanamzika lini?"

"Alasiri ya kule. Ni karibu sana. Nadhani sasa ndio wanamtoa nyumbani."

"Kwa hiyo bado?"

"Bado."

"Kibla ni wapi hapa? Simu yangu inazunguka tu, hainionyeshi kitu."

Na mimi nilijua, wifi. Tuliposhuka kwenye boti siku ile ulitandaza koti lako kwenye majani ukasali adhuhuri, na wanawake waliokuwa wakitoka kanisani wakakupita wakinyata. Nilisimama nyuma yako ninalinda mkoba, ninajua unachokiomba na usichokijua.

"Lipe ziwa mgongo," nikamwambia. "Utaona mnara wa kanisa juu ya mapaa. Uelekee huo, kisha pinda kidogo tu kushoto. Mama yako alisali papo hapo, siku aliyozikwa babu yako."

Aliiweka simu chini bila kuikata. Nikasikia anawapanga watoto, mmoja kulia, mmoja kushoto, anawaambia wainue mikono. Salum alikuwa amekuja amesimama kando yangu, na yeye mikono juu. Kisha kutoka kule ng'ambo ya nchi, katikati ya upepo na injini ya boti iliyoondoka bila wao, sauti ya mwanao ikaanza Fatiha, na sauti mbili ndogo zikamfuata, zikikosea maneno, zikirudia.

Nenda salama, Maryam. Mwanao amekuwahi.

Wifi yako,
Zuwena