Friji ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Aprili 1995
Mvua. Baba mkwe hajatoka. Friji iko sebuleni, naye yuko sebuleni, basi mimi niko jikoni. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto haingii alipo baba mkwe, hata uso wake hautazami. Chuo kikuu hawakunifundisha pa kupitia.

Kichupa changu kimo ndani ya friji. Kimeng'enya, hakitaki joto. Kazi yake ni kuunganisha polima ya maabara, ute mzito, na chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi. Vikishikana, sumaku itaburuta ute wote. Profesa anataka kuuona ute huo ukiburutwa kabla ya Pasaka. La sivyo, nafasi yangu Dar anapewa mwingine.

Jumanne, 4 Aprili
Mvua. Bado amekaa. Siku za jua huenda migombani, nami naingia kama mwizi. Kikohozi chake nakijua kuliko sura yake.

Jumatano, 5 Aprili
Mume wangu yuko Mbeya, anatafuta kibarua. Shirika lao linauzwa, wakampunguza, ndiyo maana tuko Makandana, kwao. Namkasirikia. Yeye anaingia sebule yoyote.

Mama mkwe kauliza kichupa ni cha nini. Nikamwambia kinafanya kazi kama kimea kwenye togwa. Kafurahi sana. Nikajiona mwalimu hodari.

Alhamisi, 6 Aprili
Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimeshuka Bagamoyo, si ile ya pwani, mtaa wa hapahapa, kutafuta barafu. Hakuna. Nimerudi nimelowa chapachapa.

Kichupa nimekikuta jikoni, kando ya mafiga, kimefunikwa kitambaa.

"Nimekutolea, mwanangu. Kimea hakipendi baridi."

Nikasema ndaga, asante, mama. Kilikuwa cha moto mkononi. Nikaenda kulia migombani.

Jumamosi, 8 Aprili
Nimejaribu hivyohivyo. Sumaku imevuta chuma. Polima imebaki palepale. Kichupa kingine sina. Nimekwama. Naichukia mvua, naichukia sebule, najichukia na mdomo wangu.

Jumatano, 12 Aprili
Jua. Nimetoka kuchota maji nikakuta friji jikoni, kando ya kuni. Mama mkwe alimweleza mumewe nilichokuwa nikililia. Mzee akaita majirani wakaibeba, kisha akaenda zake shambani tusikutane.

Umeme umerudi. Inanguruma vizuri. Nimeipangusa, nimeweka maziwa ndani.