Wazee wa Januari Mosi

Jumatatu, 6 Aprili

Haya, yamefika. Mganga mkuu wa hospitali katangaza leo, barakoa ikimshuka puani: kwa sababu ya ugonjwa huu unaoenea, hakuna tena foleni kwenye dirisha langu. Wagonjwa watajiandikisha kwa simu. Mafaili yote yaingie kwenye kompyuta, na mwezi ukiisha masjala yangu inafungwa. Na mimi? Eti tutaona. Miaka kumi na tisa ya kuvuta vumbi — tutaona! Nimekasirika. Ila chai niliinywa yote.

Jumatano, 8 Aprili

Fundi wa kompyuta nimempachika jina: Bwana Nywila. Kila dakika ananidai nywila, lile neno la siri la kufungulia kompyuta! Kwa kidole kimoja nimeingiza mafaili sitini. Inapendeza, sikatai. Unaandika jina, mtu huyo hapo! Hakuna kupanda ngazi. Mgongo umeshukuru.

Alhamisi, 16 Aprili

Balaa! Wazee arobaini na mmoja wamekataliwa kwenye orodha ya chanjo ya Jumatatu. Bwana Nywila anakuna kichwa: wote wamezaliwa Januari mosi, majina nayo yanafanana, kompyuta inadhani ni walewale wanaojirudia. Nikasema — ni mimi. Mzee asiyeijua siku yake nilimpa Januari mosi, foleni isonge. Nikajua hapa ndipo nimejifukuzisha. Mganga mkuu kaniangalia weee, halafu kauliza: nani mwingine anawajua hawa? Niwapigie mmoja mmoja. Orodha inafungwa kesho saa kumi na moja jioni.

Ijumaa, 17 Aprili

Simu mpaka sikio linawaka! Mshona viatu mstaafu kazaliwa wiki lilipofunguliwa daraja. Bibi mmoja kanisuta: miaka yote hiyo, leo ndiyo unauliza? Nimecheka. Sijui lini mara ya mwisho nilifurahi kazini hivi. Nimemsikia Bwana Nywila akimwambia mganga mkuu, bila huyu mama tungekwama.

Saa kumi na nusu. Mganga mkuu kachungulia: wamebaki wangapi? Mmoja. Basi nikimaliza niende ofisini kwake, tuzungumze meza yangu iwekwe wapi masjala ikifungwa.

Huyo mmoja ni mama yangu mzazi, nimemweka mwisho kwa aibu. Nikapiga.

"Mama, ulizaliwa lini?"

"Si ulinipa tarehe wewe mwenyewe?"

"Ile niliibuni, mama. Nataka ya kweli."

Kicheko kidogo.

"Ngoja basi mwanangu, nivute kiti."

Naandika simu ikiwa sikioni. Nasikia kiti kikiburutwa —