Jumapili Bibi Chuma Anakufa, na Sauti Yake Ni ya Mama Mkwe

Shangazi Doris wa redioni, shikamoo. Najua barua unazopata wiki nzima ni za wanaume waliofumwa na simu, lakini mimi sijachepuka wala sijamnyanyulia mke wangu mkono, na bado ndoa yangu inavunjika Jumatatu, na anayeivunja ni bibi mmoja wa miaka mia nne ijayo anayetawala sayari ya mabati na ambaye hata duniani hayupo.

Nieleze taratibu maana hata mimi nikijisikiliza najiona kama mgonjwa. Mimi ni dijei wa kutafsiri filamu, nina kibanda umiza changu cha kuonyeshea video hapa Rahaleo, nyumba yangu iko nyuma yake ukuta kwa ukuta, na watoto wa mtaa mzima wananijazia mabenchi kila Jumamosi na Jumapili. Na kwa kuwa wewe ni mtu mzima nikwambie ukweli, Shangazi, lugha za kwenye hizo filamu mimi sizijui hata moja, naangalia nani kakasirika na nani analia, nashika maikrofoni namtia maneno mdomoni, na wallahi hakuna mtoto aliyewahi kurudi kulalamika kwamba nimemdanganya.

Sasa nilipata tamthilia moja ya watoto, tena ndefu, nadhani ni ya Kijapani ingawa inaweza kuwa ya Kikorea, inahusu polisi watano wa zama zijazo, wamevaa magwanda yanayowaka taa, helmeti za kioo, bunduki za mwanga, na wana karandinga linaloruka angani. Nikaiita Kikosi cha Kesho, mkubwa wao nikampa jina la Inspekta Korosho, msaidizi wake Sajenti Chikongola, yule mdogo anayependa kula nikamwita Koplo Muhogo, na wakimkamata mhalifu hawahangaiki na pingu, wanampiga tanganyika jeki, wanamkwida suruali kiunoni na kumnyanyua juujuu mpaka ndani ya karandinga, basi hapo watoto wanaviringika chini kwa kicheko.

Tatizo ni adui yao. Ni mama mtu mzima, kavaa chuma mwili mzima, kichwani kilemba cha bati, kila kipindi anatuma maroboti yake yaharibu mji, na siku anaingia kwa mara ya kwanza sikuwa nimemwandalia sauti. Na asubuhi ya siku hiyohiyo mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Madimba, kaja mjini kusubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kanibebea na fuko la makopa ya muhogo, akanikuta nimelala jua limeshapanda, maana kazi yangu ni ya jioni na asubuhi lazima nipumzike, jambo ambalo watu wa shamba hawalielewi. Hakuniamsha wala hakunitaja jina, mkwe hatajwi jina, alisimama tu uani akakohoa kidogo akawaambia kuku, "Mimi sisemi kitu, ila jua likifika hapa, kwetu mtu ameshapalilia na kuoga." Basi jioni yule mama wa chuma akafungua mdomo, na mimi sijui shetani gani alinishika, nikakohoa kidogo nikasema kwenye maikrofoni, "Mimi sisemi kitu, Inspekta, ila jua likifika hapa, kwetu polisi ameshakamata wezi na kuoga."

Shangazi, kibanda kililipuka! Tangu siku ile hawaji kumwona Inspekta tena, wanakuja kumsikiliza Bibi Chuma, na mimi kila ninachokisikia nyumbani napeleka kibandani, mama akisema mboga haina chumvi basi Bibi Chuma anaonja mafuta ya roboti anauliza chumvi imeenda wapi, mama akimwambia mke wangu, "Riziki mwanangu umekonda, huyu anakulisha nini?" basi Bibi Chuma anayashika maroboti mashavu anauliza mbona mmekonda, hao polisi wanawalisha nini. Sasa watoto wa Rahaleo yote wanakohoa kabla ya kusema, hata wakitumwa dukani.

Riziki alinibaini mapema. Alirudi kutoka sokoni Chikongola akapita nyuma ya kibanda na beseni lake, akasimama, nilipotoka akaniuliza, "Yule anayeongea humo ni nani?" Nikamwambia ni Mjapani. Akasema, "Mjapani wa Madimba?" Hakugomba, na hilo ndilo lililonitia hofu, mke wangu asipogomba ujue anafikiri.

Wiki hii amemaliza kufikiri. Jumapili ndiyo sehemu ya mwisho, na mimi mwenyewe nimeandika kwa chaki mlangoni JUMAPILI BIBI CHUMA ANAKUFA, na mtaa mzima haulali. Riziki kaisoma, kaingia ndani, kaniambia, "Ukimuua mama yangu Jumapili mbele ya watoto wa watu wakishangilia, Jumatatu mimi na mwanao Nuru tunaondoka naye kwenda Madimba." Nikamwambia picha ndivyo ilivyo, ngome yake inalipuliwa na kila mtu ataona moto, nisipomuua hao watoto watanivunjia mabenchi, akasema hayo ni yangu na Wajapani wangu.

Kuomba radhi siwezi, Shangazi, mimi na mama mkwe tuna heshima zetu, hatutazamani usoni, hatuli pamoja, nikiwa na neno nampa binti yangu Nuru apeleke hata kama mama yuko mlango wa pili, sasa neno kama hili nitampa mtoto wa darasa la tatu alibebe? Mshenga wangu, Mzee Hemedi aliyenipelekea posa, nilimfuata, lakini yeye ndiye anayekaa benchi la mbele na anayemwiga Bibi Chuma kuliko hata watoto, nilipoanza tu kueleza akakohoa, tukashindwa kuendelea.

Mama mwenyewe namshukuru Mungu hajui lolote, macho hayaoni, anashinda barazani na kiredio chake, spika zangu anazisikia lakini nadhani anaona ni kelele tu. Ila juzi alimtuma Nuru aniulize, "Huyo mama wa kwenye video anayepigwa kila siku, hana hata mkwe wa kumtetea?" Nikamjibu hana. Na jana kasema Jumapili apelekwe kibandani akasikie mwisho wake huyo mama. Shangazi, nimuue au nisimuue? Nishauri haraka, na tafadhali jina langu usilitaje, nisije nikaumbuka.

Wako, Dijei wa Rahaleo.

SHANGAZI DORIS ANAJIBU

Marahaba, Dijei. Jina sijalitaja. Umetaja mtaa, umetaja kazi, umetaja mpaka chaki ya mlangoni, lakini jina sijalitaja, kwa hiyo tulia.

Kwanza niseme nimecheka. Nilianza kuisoma barua yako ofisini, ikabidi nifunge mlango, na sasa nimeelewa kwa nini mjukuu wangu kila nikimwita anakohoa kwanza. Nilikuwa nampa tangawizi, maskini. Kipaji unacho, hilo sikunyimi.

Na sasa kaa chini nikuseme. Mama wa watu katoka Madimba macho hayaoni, kakubebea makopa kichwani, kakukuta umelala saa za watu wazima kufanya kazi, na bado heshima yake kaishika: hajakutaja, hajakuamsha, kayamalizia kwa kuku. Wewe heshima hiyohiyo umeifanya uchochoro. Uso kwa uso humtazami, eti adabu, halafu kwenye spika mbili unamwanika Rahaleo nzima! Adabu gani hiyo ya kuinamisha macho na kuinua maikrofoni? Sauti ya mtu si nguo ya mtumba, ukaiokota ukajivalia kwa kuwa imekukaa vizuri. Na mbaya zaidi, umemfanya mtu ambaye kila Jumamosi na Jumapili lazima apigwe.

Unasema hajui. Ndugu yangu! Hajui? Mtu asiyeona anaishi kwa masikio. Yuko ukuta kwa ukuta na spika zako, anasikia kikohozi chake, anasikia chumvi yake, anamsikia mwanawe alivyokonda, halafu uniambie anaona ni kelele? Soma tena swali alilokutumia. "Hana hata mkwe wa kumtetea?" Hakuuliza kama ana mume, hakuuliza kama ana askari. Kauliza mkwe. Alikuwa anakuuliza wewe, kwa adabu zote za kwao, na wewe ukamjibu kupitia mtoto kwamba hana. Umelisikia jibu lako? Mimi nilipofika hapo kicheko kilikatika.

Na kuna jambo la pili ambalo wewe na akili yako yote hukuliona. Mama anashinda barazani na nini? Na redio. Umemwandikia siri yako mtu wa redio, na redio yenyewe iko mapajani mwa huyo unayemficha. Nilifikiri kukujibu pembeni, nikasema hapana. Anajua tayari. Asichokijua ni kama wewe unajuta. Mshenga wako amelewa kicheko, mtoto hawezi kulibeba neno hili, basi leo mshenga ni mimi, na mshenga kazi yake ni kufikisha.

Kwa hiyo Dijei nyamaza kidogo, naongea na mkubwa.

Mama, shikamoo. Mimi ni Doris, sikujui na hunijui, ila nimetumwa. Mkweo amekosa na anajua amekosa. Alikutania mahali ambapo hana ruhusa ya utani, alianza kwa mzaha, watoto wakamshangilia, kichwa kikavimba, akashindwa kurudi. Anaomba radhi. Mdomo wake hauwezi kukufikia kwa heshima mliyowekeana, ndiyo maana unaisikia kwangu. Kama utamsamehe, ni ukarimu wako. Kama hutaki leo, mwache atoke jasho, hana haraka huyo, saa nne asubuhi bado yuko kitandani.

Na wewe Riziki, mwanangu, mabegi yashushe kwanza. Umefanya vizuri kumtetea mama yako. Lakini ngoja Jumapili ipite ndipo uamue, maana mumeo nampa kazi sasa hivi.

Dijei, nisikilize. Ukimaliza kusikia haya, usikimbilie kibandani kujificha. Nenda ukafute ile chaki kwa mkono wako, mchana, watu wakikuona. Halafu nenda kwa Mzee Hemedi, na akikohoa mwambie Shangazi Doris amemkataza. Yeye ndiye aliyeingia nyumba ile kukuombea mke, na ataingia tena kukuombea radhi, na safari hii aende na doti ya khanga na uso wa mtu mzima. Utasimama nje ya mlango, asikie miguu yako ipo.

Umeniuliza nimuue au nisimuue. Swali lenyewe silo. Kwani wewe nani wa kuamua? Picha itaonyesha ngome inalipuka, sawa, lakini nani kasema Bibi Chuma alikuwa ndani? Nani kasema hakutoka na mlango wa uani? Mwenye kulijua hilo ni mwenye sauti. Bibi ana watani wake halali humo ndani ya nyumba, nao ni wajukuu. Wewe kumtania ni mwiko, Nuru ni haki yake, mjukuu na bibi yake wanaitana mke mwenza mchana kweupe na hakuna anayenuna. Basi Mzee Hemedi akishatoka na jibu zuri, amuulize mama jambo moja: je, Jumapili angependa kuishika maikrofoni mwenyewe? Akikataa, Bibi Chuma hana sauti tena, utaonyesha sehemu ya mwisho na mdomo wake utafunguka bila neno, na watoto wakikuuliza utawaambia mwenye sauti kaichukua. Wakivunja mabenchi, fundi seremala yupo.

Akikubali, utamwekea kiti chenye mgongo, si benchi, na Nuru atakaa pembeni amnong'oneze nini kinatokea kwenye kioo. Usiniambie haiwezekani kwa kuwa mama haoni picha. Wewe picha unaiona na lugha huijui, mbona umefanya siku zote hizi? Mama atasema analotaka. Akitaka kuwaweka Kikosi cha Kesho chote chini ya ulinzi kwa kulala mpaka jua kupanda, atawaweka. Akitaka Inspekta Korosho apalilie kwanza ndipo alipue ngome, atapalilia, kwa helmeti yake hiyohiyo.

Na wewe humo ndani hutakiwi. Mkwe na mama mkwe hawakai kwenye chumba kimoja cha giza na maikrofoni moja, adabu zako hizo si ndizo unazozijua sana? Utakaa nje mlangoni, juani, ulinde ndala za watoto. Utasikia kibanda kinalipuka kwa kicheko na hutajua wanacheka nini. Na ukisikia kwenye spika Bibi Chuma anakohoa kidogo, anasema yeye hasemi kitu, ila ana mkwe wake mmoja hapo nje, usithubutu kuingia kujitetea. Hilo ndilo jibu lake, Dijei. Mtu anayekutania ameshakusamehe.