Treni ya Pili ya Mama Mdogo

Gitega, Kigali
Alhamisi

Dada Koku,

Kabla hata sijakuamkia, acha nilitue hili, maana limenielemea na hapa hakuna niliyemwambia. Ile ratiba ya treni niliyompangia Mama Mdogo, ambayo mama ameisifia mpaka kanisani, sikuihakiki. Nilibahatisha.

Sasa shikamoo. Wewe na mtoto hamjambo? Kikohozi cha mama kimepungua? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Unajua binti yake Diane amejifungua kwa upasuaji huko Ujerumani, na mumewe hakupewa ruhusa kazini, kwa hiyo hakuna wa kumpokea Mama Mdogo uwanja wa ndege wa Brussels. Lazima apande treni mpaka Ujerumani, ashuke, apande nyingine ndogo mpaka mji wa Diane. Mama Mdogo akasema, "Editha amemaliza shule, atapanga." Mimi treni sijawahi hata kuigusa. Lakini unanijua: kusema "sijui" mbele za watu kunanishinda.

Nilipoingiza tarehe ya safari, programu ya kuuza tiketi haikuonyesha kitu. Nikachukua treni za Jumapili iliyotangulia. Niliwaza ni kama hapa stendi ya Nyabugogo, basi la Rusumo linaondoka vilevile, mwaka uishe usiishe. Kumbe huko Ulaya ratiba nzima hubadilishwa katikati ya Desemba, na mpya inaanza Jumapili hiyohiyo atakayosafiri.

Jana nimeangalia tena. Programu ileile bado inaonyesha treni ya pili ipo jioni. Tovuti ya kampuni ya reli yenyewe inasema haipo. Ya mwisho itakuwa imeondoka kabla hajafika, na inayofuata ni ya asubuhi. Ukurasa wa stesheni nao unasema hivyohivyo. Ile programu ndiyo peke yake niliyoiamini.

Nikamfuata dukani, alikuwa anakunja vitenge.

"Mama Mdogo, treni ya pili imeondolewa."

"Imeondolewa na nani?"

"Na... wenye reli. Itabidi usubiri stesheni mpaka asubuhi."

Akacheka. "Yewe! Wazungu na saa zao zote! Si kosa lako, sha, usiweke uso kama mfiwa."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

"Tumwambie Diane?"

"Thubutu! Atalia na kidonda chake, aniambie nisije. Huyo Diane nimelala naye Nyabugogo, yuko mgongoni, mvua inatupiga. Mimi kusubiri najua."

"Huko kuna baridi, Mama Mdogo."

"Blanketi iko."

Akaendelea kukunja. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Na hii ya asubuhi, umehakikisha?"

Nikajibu hapana. Nikamwambia nimeiona kwenye tovuti ya reli, lakini nitaiangalia tena kila siku mpaka apande ndege, na hata akiwa njiani nitamtumia ujumbe ikibadilika.

Akaacha kukunja, kitenge kiko mikononi. "Basi uwe unaniambia hivyo," akasema, akaniita nishike upande wa pili tukikunje.

Nadhani amejua. Hakuuliza zaidi, na mimi sikupata ujasiri wa kuendelea. Kinachoninyima raha sasa ni kwamba nimetafuta kila ukurasa, na hakuna panaposema kama milango ya stesheni ile ndogo hufungwa usiku. Nimewaandikia kwa Kiingereza changu cha shule. Hawajajibu.

Msalimie mama, na shemeji, na bibi jirani anayetusukia mikeka. Mbusu mtoto, umwambie mama yake mdogo wa Kigali anamkumbuka.

Tafadhali, hili la kulala stesheni mama asilisikie, atamzuia mdogo wake asiende, na Diane anamhitaji. Na lile nililoanza nalo, hata shemeji usimwambie. Nataka Mama Mdogo alisikie kwangu, kabla hajaondoka, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Editha