Siku Tuliyomsemea Sesilia Arusha

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Sumbawanga tu wazima, babu yako amemaliza kuvuna ulezi. Umeniuliza kama kuwasemea watu kwenye vikao vya kimataifa kunasaidia kitu. Mpaka leo nikikumbuka Arusha, moyo unanienda mbio kwa furaha.

Unamjua Sesilia, binti wa mdogo wangu, mwenye ualbino. Aliposhambuliwa kule kijijini Muze alipona, lakini kesi ikalala. Chama chetu cha akina mama kikashirikiana na wanasheria watetezi wa haki, tukafika Arusha kwenye kikao cha haki za binadamu cha nchi za Afrika. Nikapewa kipaza sauti, nikasema kwa Kiswahili, wakalimani wakafasiri.

"Sesilia yuko hai, na anawajua waliomkata. Mbona hakuna aliyekuja kumuuliza?"

Mwenyekiti akamgeukia mjumbe wa serikali. "Unamjibuje mama huyu?"

Mjumbe akavuta kipaza sauti chake. "Suala hili nimelipokea," akasema. "Nitalifuatilia."

Wenzangu waliona hatukupata kitu. Mimi nilitamani kupiga vigelegele, maana alikuwa ameahidi mbele ya watu ambao wangemuuliza tena.

Wapelelezi walifika Muze kabla ya mvua. Sesilia akatoa ushahidi mwenyewe mahakamani, na wale watu wakafungwa.

Basi, mwanangu, nenda kawasemee watu.

Tangu ashambuliwe, Sesilia alikuwa hatoki nje peke yake. Siku ile ya hukumu alituambia tutangulie nyumbani, yeye anapitia sokoni.

Bibi yako,
Mama Kristina