Baba Neema, Nasema Aitwe Ajibu

Mpendwa Baba Neema,

Nimekasirika, na hapa nyumbani Hjulsta, Uswidi, hakuna tena mtu wa kuniambia, "Keti kwanza, kisha useme." Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimesimama jikoni, karatasi iko kando ya sinki, na chai imepoa mara mbili.

Unakumbuka Jumamosi zetu kwenye ukumbi wa jumuiya yetu? Tukishakula, wanaume mlikuwa mnasogeza viti na kuanza siasa za Marekani, kana kwamba kule wanasubiri kura zenu. Wewe ulikuwa umetoka zamu ya usafi uwanja wa ndege, umesinzia kwenye treni kutoka Märsta, lakini ukisikia tu neno "rais" usingizi unaisha. Bunge lao lilipomshitaki rais huyu katika kipindi chake cha kwanza, ulikaa mbele ya televisheni mpaka ugali ukakauka kwenye sahani. Nikakuuliza unashangaa nini. Ukasema, "Mama Neema, hebu tazama. Wanataka kumtoa mkubwa, na hakuna aliyeshika bunduki. Wameshika karatasi."

Nilikuelewa. Sisi wa Uvira, habari za mkubwa kuondoka tulizisikia kwa milio ya risasi kwanza, redio ikafuata baadaye, na kila mara tulikuwa tumeshafunga magodoro.

Lakini nilikupinga. Nilisema watu wamemchagua wenyewe, mwacheni amalize muda wake. Ukanijibu, "Kuchaguliwa siyo kununua. Ameapa. Akivunja kiapo, aitwe aulizwe." Kisha ukaongeza kwamba asiitwe kwa sababu ya mdomo wake. "Mdomo mchafu siyo kosa la kumtoa mtu. Ingekuwa hivyo, Mushi tungeshamtoa kwenye kamati." Bwana Mushi, rafiki yako Mtanzania wa Farsta, akacheka mpaka akakohoa. "Nitoeni basi! Nione nani atawapikia pilau."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hili hujalisikia, na mimi ndiye niliyekuficha.

Mdogo wako Kashindi hakusafiri. Yule uliyembeba mgongoni tulipokimbia vita tukavuka kwenda Kigoma, aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi miaka yote hii, aliyehojiwa, akapimwa damu na mapafu, akahojiwa tena, mpaka jina lake likabandikwa ubaoni na tarehe ya ndege ya Marekani. Wewe ulikuwa umeshalazwa hospitalini. Rais yule akarudi madarakani, akatia sahihi amri, na safari za wakimbizi zikasimama. Kashindi alinipigia mimi, hakukupigia wewe. Alikuwa ameshagawa kuku, sufuria, hata mlango wa nyumba yake kwa majirani, kama wanavyofanya wote kule wakibandikwa. Akasema, "Shemeji, usimwambie kaka mpaka apate nguvu."

Nguvu hukupata. Uliniuliza, "Amepanda ndege?" Nikatazama mikono yako juu ya blanketi, nikasema amepanda. Kesho yake, "Amefika?" Amefika. "Koti amepewa?" Amepewa, la bluu. Ukatabasamu. "La bluu linamfaa," ukasema. Yalikuwa karibu maneno yako ya mwisho yenye maana, na uliyasema juu ya koti ambalo halipo.

Siku ya kumaliza matanga, ukumbi ulijaa. Tuliweka simu mezani, sauti juu, ili Kashindi aomboleze pamoja nasi kutoka kambini. Binti yetu ndiye aliyesoma wasifu wako. Aliuandika mwenyewe kwa Kiswahili, akiuliza maneno huku na huku, na mimi nilikuwa na wageni, sikuupitia. Alikuwa kando ya kitanda siku ile ya koti. Aliniamini. Akasoma kwa sauti nzuri kabisa: "Baba alituacha akiwa na furaha, kwa sababu mdogo wake alikuwa amefika salama Marekani."

Simu ikasema, "Neema, mwanangu. Mimi niko kambini."

Neema akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswidi kama ni kweli. Nikamjibu kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Ni kweli. Nilimdanganya baba yako."

Unajua kwetu neno la uongo likisomwa matangani halifunikwi. Mwenye nalo anasimama. Mzee Kitenge, anayeongoza maombi, akaniita mbele. Akaniuliza nani mwingine alijua. Akaniuliza kwa nini nilimwacha mtoto asome. Akaniuliza kama niko tayari kumwomba radhi Neema, na Kashindi, hapo hapo. Nilijibu yote, Baba Neema. Nikaomba radhi, na Kashindi akalia kwenye simu akisema, "Yamekwisha, shemeji, yamekwisha."

Hapo Mushi, kwa nia njema, akasema, "Jamani, mnamhoji mjane bure. Mwenye kosa ni yule rais. Atolewe!"

Mzee Kitenge akatikisa kichwa. "Kosa gani? Alisema kabla ya kura kwamba atafunga mlango. Wakamchagua. Akafunga. Huyo ametimiza ahadi."

"Ahadi ya kumwacha Kashindi bila sufuria?"

"Mushi, Marekani si yako. Hata Farsta si yako."

Watu wakacheka. Nilisimama pale mbele, kitambaa cha machozi mkononi, na watu wakacheka. Hasira iliyonishika siku ile haijaniachia mpaka leo.

Nimejaribu kuwa mwenye haki, kwa sababu ungenidai hivyo. Nakubali Mzee Kitenge ana nusu ya ukweli. Siwezi kutaka rais wa watu aondolewe kwa sababu ameniumiza mimi. Ungesema ukatili unajibiwa kwa kura. Sawa. Lakini wale waliokuwa wamebandikwa walipita njia ambayo sheria ya nchi ile ile iliiweka. Na majaji wa kwao wenyewe, zaidi ya mara moja, wamesema amri zake zimevuka mpaka, naye anawajibu kwa matusi. Wabunge wa chama chake wanatazama viatu vyao. Aliapa kulinda sheria, na anaishika kama kitambaa cha kufutia meza. Hiki ndicho ulichoniambia, siku ile nilipokuwa mbishi. Haya hayahusu mdomo wake. Yanahusu kiapo.

Mimi ninakunja mashuka hotelini. Kwa uongo mmoja niliomwambia mtu niliyempenda, niliitwa mbele ya watu mia, nikasimama, nikajibu. Yeye ana nguvu ya kusimamisha ndege zilizojaa watu kwa kalamu moja, halafu naambiwa kumwita ajibu ni wivu? Ni chuki? Ni kuwasumbua wapiga kura? Sikubali. Ninachukia kusikia hivyo, na ninachukia zaidi ninaposikia kutoka kwa watu wetu, waliowahi kukimbia wakubwa wasioulizwa.

Wanasema walishamshitaki, akabaki, kwa hiyo ni kazi bure. Na mimi nilibaki. Nilisamehewa, nikarudi kwenye kiti changu. Lakini niliulizwa, na tangu siku hiyo sijasema uongo mwingine, hata mdogo. Kwa hiyo ulishinda ule ubishi wetu, mume wangu, na inaniuma kwamba nimechelewa kukuambia.

Jumapili Kashindi alipiga simu. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna wabunge wanataka rais ashitakiwe tena. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ile ya mtu aliyeanza kutumaini. "Shemeji, wakimtoa, nitasafiri?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa tayari mdomoni.

"Sijui," nikamwambia. "Hata wakimtoa, sijui kama utasafiri. Nataka aulizwe, lakini sijui."

Nikasikia mtu akitwanga huko nyuma yake. Kisha akasema, "Haya. Basi kesho niende kwa jirani nikamwombe anirudishie mlango wangu. Mvua zinakuja."

Lala, Baba Neema. Kashindi hajafika. Ndiyo habari ya kweli, na wewe ndiye uliyestahili kuisikia kwanza.

Mkeo,
Mama Neema